Habari Iko Chini ya Chapa

Novemba 9

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha tangu alfajiri, na njia ya kwenda bandarini imeshakuwa tope. Leo padri mwenye redio katuletea maendeleo. Kuanzia sasa wenye ndugu huko juu ya mto hawatakuja tena dirishani kwangu na vikaratasi vyao. Wataandika ujumbe kwenye tovuti, ndani ya kisanduku, wakiwa mjini Trinidad, mjini Santa Cruz, hata Uhispania, nami nitausoma kwenye skrini. Tangu mume wangu alipokuwa hai nimekuwa nikiwasomea watu ujumbe hewani, alfajiri na saa sita mchana. Kazi yangu ni moja: kusoma kilichoandikwa, kisizidi wala kupungua.

Aliyetengeneza tovuti hiyo ni Osmar Melgar, mpwa wa Don Hormando Melgar, tajiri wa ng'ombe wa mto huu. Kwa leo sisemi zaidi.

Novemba 12

Niyaandike haya sasa nikiwa nimetulia, maana nikikasirika sitaweza kuyapanga.

Watu wa Las Garzas, kijiji cha huko juu ya mto, wote wametoka katika zizi moja la zamani, kwa hiyo chapa za ng'ombe wao zote huanza na ncha ya mkuki. Wapo Mkuki na Pete, Mkuki na Msalaba, Mkuki na Ngazi. Zamani walizichora kwa kalamu. Kwenye kisanduku wanatumia ile alama ya hesabu, ndogo kuliko, tunayowafundishia watoto kwamba tatu ni ndogo kuliko tano, halafu wanaweka herufi O iwe pete. Nilielewa mara moja, sikuhitaji semina.

Na adabu yake ni hii. Katika mto wetu hakuna anayeanza na haja yake. Kwanza salamu kwa wote wanaosikiliza, rafiki na adui, kisha "sisi wazima", hata kama paa linaungua. Halafu chapa. Chapa ikitajwa, wenyewe hunyamazisha watoto na kuku, kwa sababu habari yenyewe iko chini ya chapa.

Mafuriko yakija, Las Garzas hubaki na kilima kimoja tu kisichozama. Don Hormando anasema babu yake alikinunua. Watu wa Mkuki wanasema alikinunua kwa chupa ya pombe kutoka kwa mtu ambaye hakuwa mwenye kilima. Ugomvi huo ni mkubwa kuliko mimi, nami nina miaka hamsini na nane.

Novemba 15

Mvua. Osmar hufunika kompyuta yake kila ninapoingia.

Novemba 20

Leo nimegombana naye. Ujumbe wote unakuja umebanana, mistari imeondolewa, maneno yamegandana kama wali uliotiwa maji mengi.

"Osmar, mwanangu, hii ni nini?"

"Ni ujumbe, Doña Delmira."

"Huu ni uji. Mtu kaandika mistari sita, wewe umenimwagia bakuli moja. Nipumue wapi?"

"Mashine haijali mistari. Inaikunja yote."

"Basi ifundishe adabu. Mtu akishuka mstari ana sababu yake. Leo nimesoma kifo cha shangazi na bei ya chumvi kwa pumzi moja."

Akakuna kidevu. Ana kidevu cha ukoo wao, kile kinachotangulia kuingia mlangoni. "Naweza kuirudisha mistari. Ila nikiiruhusu mashine ishushe mistari, nitakuwa nimefungua mlango, na mtu mbaya anaweza kupita hapo. Itabidi niweke mlinzi."

"Weka hata mbwa. Mimi nataka mistari yangu."

Novemba 24

Mistari imerudi. Kila mtu anapumua pale alipotaka kupumua. Nilimpa Osmar kipande cha masaco nilichobeba kwa ajili ya chai yangu, ndizi na nyama kavu nilizotwanga mwenyewe, akakila bila kuinua macho. Sipendi mtu anayekula bila kutazama anachokula, lakini haki yake nimempa.

Desemba 3

Mvua siku nzima. Simu hazikamati.

Desemba 9

Kuna kitu hakijakaa sawa. Watu wa chapa ya Nyota wanaandika, wa Nanga wanaandika, na habari zao ni ndefu mpaka koo linanikauka. Lakini kwa Las Garzas zinakuja salamu tu. Teófilo Guayacho, aliyelazwa hospitali Trinidad, anamwandikia dada yake Selva: "Salamu kwa wote wa mto. Sisi wazima." Basi. Hakuna chapa, hakuna neno. Nilisoma kama ulivyo. Kesho yake ukaja mwingine wa namna hiyo hiyo, na leo wa tatu.

Kwanza nilidhani Teófilo kapata nafuu, kawa mtu wa adabu. Sasa sidhani tena. Familia zote za Mkuki zimekuwa za salamu tupu, na wengine hapana. Yaani mkono wa mtu umechagua.

Desemba 14

Don Hormando kaja redioni leo. Kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kukanyaga hapa. Alileta cuñapé za moto, akakaa kwenye kiti cha wageni, kofia gotini.

"Watu wa Las Garzas wanaandikiwa sana siku hizi?" akauliza.

"Kama kawaida, Don Hormando."

"Na kilima? Kuna anayekitaja?"

"Ujumbe wa mtu husikika hewani. Ukitaka kujua, fungua redio."

Akacheka, akampiga mpwa wake begani, akaenda. Zile cuñapé nimempa mlinzi wa geti. Sijui kama ziliwekwa kitu, ila najua kwamba mtu mwenye ng'ombe elfu hapiki mikate ya jibini bila shabaha.

Desemba 22

Salamu kutoka kwa binti wa Teófilo. Wazima. Nilisoma.

Januari 6

Leo ni sikukuu ya Wafalme na mimi nimeaibishwa mbele ya foleni ya watu waliokuja kulipia matangazo.

Selva Guayacho kaja dirishani saa nne asubuhi, maji yanamchuruzika, ameshuka na boti ya mafuta. Nilimsimamia bintiye ubatizo. Tumeitana dada tangu ujana.

"Delmira," alisema. Hakusema dada.

"Karibu ndani, umelowa. Umeshuka lini?"

"Kaka yangu kazikwa lini?"

Sikujua hata kwamba amekufa.

"Kazikwa kabla ya Krismasi," akasema. "Mimi nilikuwa jikoni, sufuria ya supu ya locro mapajani, nakusikiliza wewe. 'Teófilo anawasalimu. Sisi wazima.' Nikawaambia watoto, mjomba wenu kapona, anasalimia tu. Kumbe mtu anakata roho, wewe unaniambia mzima."

"Nilisoma kilichoandikwa, dada."

"Nilikwenda kumwona Trinidad nikakuta kaburi, na bintiye kanishika mkono hapo, kaniambia aliandika yote. Maneno ya Teófilo mwenyewe, akiyatamka kitandani, yeye anaandika. Yako wapi?"

"Hayakunifikia."

"Salamu zilifika. Salamu zina miguu na habari haina?"

Mwanamke mmoja wa foleni, wa ukoo wa Nanga, alisogea mbali nami, kana kwamba uongo unaambukiza. Nilijaribu kutoka nje nimfuate, Selva akaweka kiganja chake kwenye mlango.

"Sikiliza. Kuanzia leo nikisikia sauti yako nazima redio. Na Las Garzas yote itazima, nitawaambia mwenyewe. Afadhali tusijue kitu kuliko kujua uongo."

Kaondoka na boti ile ile. Nimelia chooni, kisha nikasoma kipindi cha saa sita mchana kwa sauti isiyotetemeka. Nimeumia sana, na aliyeniumiza namjua.

Januari 8

Nilikwenda kwa padri. Nikamwambia Osmar anakata ujumbe wa watu wa Mkuki ili maji yakija wasihame mapema, ng'ombe wao wafe, na mjomba wake akute kilima hakina wa kukitetea. Padri akaniuliza kama nimemwona akikata.

"Sijamwona chui akila mbuzi wangu pia, baba, lakini mifupa nimeiona."

Akasema nilete ushahidi, na niache kumsengenya kijana wa watu.

Januari 15

Nimemtegea. Nikiwa nyumbani nilichukua simu yangu nikaandika kwenye kisanduku, kwa jina la kubuni: "Salamu kwa wote. Sisi wazima. Kwa watu wa Mkuki na Pete: tazameni kilima chenu." Niliandika chapa kwa maneno, kama ninavyoitamka hewani.

Ukafika mzima, mpaka nukta ya mwisho.

Maana yake amejua ni mimi. Huyu si mtu wa mchezo.

Januari 18

Mvua haijakatika tangu juzi. Kinyonga mkubwa ofisini ni Osmar: leo alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya goti langu. Niligundua pia anachokifunika kwenye kompyuta. Anacheza karata. Labda ni karata kweli, labda ni za kunipumbaza.

Januari 27

Surazo imepiga kutoka kusini, baridi ya kung'ata katikati ya majira ya joto. Hakuna aliyekuja kazini ila mimi na yeye.

Februari 4

Leo sitaandika kwa kifupi.

Asubuhi ulikuja ujumbe wa Leoncio Guayacho, binamu yake Selva. Leoncio anafanya kazi kwenye bandari ya juu kabisa, siku kadhaa za maji kutoka Las Garzas. Mto ukifura kwake, Las Garzas wana muda wa kupandisha ng'ombe kilimani kabla wimbi halijawafikia. Leoncio haandiki ila kwa sababu hiyo. Hakuandika bibi yake alipokufa, hakuandika alipooa. Na leo skrini inasema: "Salamu kwa wote mnaonisikia. Sisi wazima."

Nikampigia simu, haikupatikana. Nikapiga tena na tena. Huko umeme hukatika maji yakija, na hilo lenyewe lilikuwa jibu.

Nikaenda kwenye meza ya Osmar, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Nipe ujumbe wa Leoncio."

"Si upo mbele yako, Doña Delmira?"

"Huo ni mfuko mtupu. Nipe ulichotoa ndani yake. Osmar, huko kuna watoto. Kilima mnakitaka, sawa, nendeni mahakamani, lakini msiwazamishe watu kwa ajili ya kilima."

Akainuka. Nilidhani atanipiga. "Unadhani mimi ndiye nakata?"

"Sidhani. Najua."

"Mwezi mzima umekuwa ukinila nyama kwa padri, nimenyamaza kwa sababu wewe ni mtu mzima. Sasa kaa hapa. Kaa. Nakufungulia ghala."

Sikujua kwamba kuna ghala. Akanieleza huku vidole vinakimbia: kila anachoandika mtu huingia ghalani kama alivyokiandika, na skrini yangu ni dirisha tu la kutazamia. Yeye hagusi kilichomo ghalani. Alijifunza hivyo kwa mwalimu wake: cha mtu unakitunza kama alivyokuachia. Akafungua, akamtafuta Leoncio, na ukawa pale.

Wote. Mistari yake yote. Salamu, wazima, ile alama ya ndogo kuliko, herufi O, na chini yake: "Mto umepanda usiku kupita alama ya mwaka ule mbaya. Pandisheni ng'ombe leo, msingoje kesho. Gati letu limekwenda."

Tulitazama pale sote wawili. Nami nilimtazama yeye, maana uso wa mtu anayeigiza mshangao naujua, nimezika mume aliyekuwa mchezaji karata. Huyu hakuwa anaigiza. Alikuwa amepauka.

"Ni mlinzi," akasema polepole. "Mlinzi wangu."

"Mlinzi gani?"

"Uliponidai mistari. Kwa mashine, hiyo alama ya mkuki ndiyo hufungua amri. Mtu mbaya akitaka kuharibu redio, angeandika amri kwenye kisanduku, na ingeanza na alama hiyo. Ili mistari ishuke ilibidi dirisha lako likubali amri, basi nikaweka mlinzi: akiona alama hiyo, atupe kila kinachofuata mpaka amri ifungwe. Hawa hawafungi. Ni chapa ya ng'ombe tu. Kwa hiyo anatupa mpaka mwisho."

"Hukujua kwamba watu wa Mkuki wanaandika hivyo?"

"Sisi chapa yetu ni Nanga. Sikuwahi kuuliza wengine." Akafuta uso kwa mkono. "Nilikuwa nashuku wezi. Sikumfikiria mtu anayeandikia dada yake."

Ningeweza kumwambia mengi. Lakini mimi ndiye niliyesema aweke hata mbwa, na saa ilikuwa inakaribia sita.

Tukamtafuta Teófilo pia. Alikuwepo, na maneno yake yote. Niliyasoma mara moja nikashindwa kuendelea.

Hapo ndipo nilipokumbuka kiganja cha Selva mlangoni. Ujumbe tunao, mzima, na kinywa cha kuusema ndicho kibovu. Nikifungua mdomo tu, Las Garzas yote inazima.

"Soma wewe," nikamwambia. "Sauti yako hawaijui."

"Mimi ni Melgar."

"Sauti haina kidevu. Soma. Anza na Teófilo, ndipo uende kwa Leoncio. Wakisikia Teófilo hawatazima. Usiongeze, usipunguze. Nikigonga meza, mstari umekwisha, pumua."

Ikagonga saa sita. Osmar alishika kipaza sauti kana kwamba ni nyoka. Nikagonga meza, naye akasoma:

"Salamu kwa wote wa mto. Sisi wazima. Mkuki na Pete.
Miguu ya Korongo, njoo wiki hii.
Daktari anasema nitapona, lakini hanitazami anaposema.
Yule ng'ombe mwekundu ni wako, kama tulivyopatana siku ya mtumbwi, na usimwambie mtu.
Ukinikosa, usilie mbele ya watu.
Unalia vibaya."

Tangu utotoni hakuna aliyemwita Selva hivyo ila Teófilo. Mimi mwenyewe sikulijua jina hilo, wala habari ya mtumbwi. Osmar alisoma taratibu, akasimama kila nilipogonga. Kisha Leoncio. Akamrudia Leoncio mara tatu, mistari yote, na kila mara akaanza na salamu, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Desturi yetu msomaji hujitaja mwisho. Nilimwashiria asijitaje. Akanitazama, akasogea karibu na kipaza sauti.

"Msomaji wenu leo ni Osmar Melgar," akasema, na akazima.

Nilifunika uso wangu kwa viganja. Nikamuuliza kwa nini, wakati tulikuwa tumefaulu.

"Wamedanganywa vya kutosha," akasema.

Februari 5

Maji yamefika soko la samaki. Hakuna boti inayopanda.

Februari 6

Tumeshinda ghalani, mimi na Osmar, tunausoma hewani kila ujumbe uliomezwa tangu Novemba. Posa, mazishi, mtoto aliyezaliwa Seville, mtu anayeomba msamaha kwa kiatu. Mlinzi amefundishwa kazi mpya: akiona alama ile, anaionyesha kama ilivyo na kuiacha ipite. Osmar anasema ilikuwa kazi ya mstari mmoja.

Februari 9

Hakuna habari. Kila nikifumba macho namwona Selva anazima redio, mara anaposikia jina la ukoo ule, anawaambia watu ni mtego wa Hormando wa kuwatoa majumbani. Mimi ningesema hivyo hivyo.

Februari 12

Hakuna habari.

Osmar haendi kwake. Amelala kwenye benchi la wageni, karata ameacha.

Februari 17

Boti ya mafuta imeshuka leo. Nahodha alinyoosha mkono dirishani, karatasi imefungwa kwenye nailoni, kama zamani. Mwandiko wa Selva. Juu kabisa: "Salamu kwa wote wa mto. Sisi wazima."

Nilikaa chini kwanza, kwa sababu hiyo "sisi wazima" naijua. Osmar alisimama nyuma ya kiti changu, hakuthubutu kutazama. Kisha nikashusha macho kupita chapa, iliyochorwa kwa wino, mkuki na pete yake.

Saa sita mchana tumeusoma hewani. Osmar kasoma juu ya chapa, mimi nikasoma chini:

"Ng'ombe wako kilimani, isipokuwa ndama wawili na mbwa mzee.
Wa Hormando nao wamepanda, wachungaji wake waliomba njia, hatukuwafukuza. Tutazungumza maji yakishuka.
Huyo kijana anasoma polepole mno. Mwacheni aendelee.
Delmira, dada, redio iko wazi.
Nililia mbele ya watu.
Nililia vibaya."